Jina Nililoliruka

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama. Majirani wa Katoyi, waliponiona nikitoka asubuhi na viatu vya ngozi na mkoba begani, walidhani ninaamuru watu mahali fulani. Sikumwamuru mtu. Niliketi katika chumba kidogo katikati ya mji wa Goma, madirisha yamezibwa ili vumbi jeusi lisiingie ndani ya mashine, nikatazama mistari ikipanda kwenye kioo cha kompyuta. Kila mstari ulikuwa mtu mmoja aliyekimbia vita, akipokea unga, maharagwe na mafuta.

Shirika lililotuajiri lilikuwa na dirisha la ugawaji Mugunga, kwenye barabara ya Sake, na jingine Munigi. Mtu aliingiza kadi yake, akaweka kidole gumba, na habari zake zikarushwa kwa antena hadi kwenye mashine kuu iliyokuwa ikinguruma nyuma ya kiti changu. Mashine hiyo ilitakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: kupunguza fungu katika kadi, na kupunguza fungu hilo hilo katika ghala. Yote mawili yakitimia, mstari ulikuwa wa kijani. La kwanza likitimia na la pili likakwama njiani, mstari ulibaki wa njano. Huo tuliuita muamala unaoning'inia. Mashine haikujua kama mtu yule ameondoka na unga wake ama bado amesimama mikono mitupu. Na kwa kuwa haikujua, haikumruhusu kujaribu tena.

Rezo ya mji wetu, yaani mtandao, ilikatika kwa sababu nyingi. Ilikatika kwa mvua ya upande wa Sake, ilikatika mafuta ya jenereta yalipokwisha, na siku moja ilikatika kwa sababu askari alifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye mlingoti wa antena akaupindisha. Iliporudi, mistari ya njano ilikuwa imejipanga kwenye kioo, na hapakuwa na programu yoyote iliyoweza kuimaliza. Tuliimaliza kwa mdomo. Nilishika redio nikamsomea karani wa Mugunga jina moja baada ya jingine. Yeye akaliita kwa kipaza sauti mbele ya umati. Mwenye jina akasimama na kusema kama amepata au hajapata. Umati ndio uliokuwa shahidi. Aliyedai hajapata, na kumbe unga uko chini ya turubai lake, majirani zake walimzomea mpaka akaketi. Utaratibu huo niliutunga mimi, na nilijivunia. Niliutungia pia kanuni yake ya mwisho, kwamba jina ambalo halikuitwa kabla ya orodha kufungwa lihesabiwe kuwa limepokea. Bila kanuni hiyo orodha zisingefungwa kamwe, na ghala lisingelingana na mashine.

Baba mkwe wangu alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi. Nilipoolewa, mimi binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mwenye diploma ya chuo, wanawake wa ukoo wa mume wangu walinifundisha mambo mengi ambayo niliyasikiliza kwa tabasamu la adabu. Mengi nimeyasahau. Sikusahau kwamba mkamwana hatamki jina la baba mkwe, awe mbele yake au nyuma yake, wala kwamba wawili hao hawalali chini ya bati moja ikiwa mume hayupo. Nilichukulia hayo kama mtu anavyochukulia kitambaa cha kichwa: unakivaa ukienda kwa wenyewe, na ukirudi unakikunja.

Vita viliposhuka tena kutoka milimani, ng'ombe wake walichukuliwa, naye akaja kwa miguu pamoja na watu wa kijiji chake. Mume wangu wakati huo alikuwa akifundisha shule huko Kindu, na njia zote zilikuwa zimefungwa. Mzee alisimama katika ua wetu, koti lake kubwa limelowa, wala hakukanyaga kizingiti. Alizungumza na jirani yangu, mama muuza makaa, huku mimi nikisikiliza nyuma ya pazia la mlango.

"Mama, mutoto wangu hayuko," alisema. "Nitalala namna gani mu nyumba ya bibi yake? Watu ya kwetu watanicheka."

"Muzee, ni vita," jirani akamjibu. "Vita inajua mambo ya bakwe?"

"Vita haijui. Mimi najua."

Jirani aligeuka akatazama pazia, akingoja niseme neno. Yalikuwapo maneno ya kusema. Ningeweza kwenda kulala kwake, hatua chache tu, nikamwachia mzee nyumba ya mwanawe mpaka mume wangu arudi. Jambo lilikuwa jepesi kiasi kwamba kila mmoja pale uani alikuwa akilifikiri. Nikatoa mkono nje ya pazia nikampa jirani chai, mkate na blanketi ampelekee. Mzee alilala barazani kwa watu wa kanisa, na kesho yake akaenda Mugunga na watu wake. Niliposikia kwamba ameondoka nilihisi mabega yangu yakilegea. Nilifurahi. Nimetafuta neno jingine la hisia ile, neno lenye heshima kidogo, sijalipata.

Kazini sikumwambia mtu. Tulikuwa na neno letu la ofisini kwa watu wa kambini, tuliwaita walengwa, na katika mikutano nilikuwa nikilitamka vizuri kuliko wote. Sikutaka wenzangu wajue kwamba mlengwa mmoja ni baba wa mume wangu na kwamba mimi, mwenye mshahara na nyumba ya bati, namwacha alale juu ya mawe. Siku za Jumapili nilipeleka sukari na sabuni kwa mkono wa jirani. Yeye alikwenda, mimi nikabaki nikipiga pasi nguo za kazini.

Siku yenyewe rezo ilikatika asubuhi, ugawaji wa Mugunga ukiwa katikati. Iliporudi, mkuu wa ofisi, mtu mpole wa kutoka huko huko Masisi, alivuta kiti chake akaketi kando yangu, nami nikashika redio.

"Mama Rezo!" Ndivyo karani wa Mugunga alivyoniita, na kwa kuwa alikuwa mtu wa Butembo kama mimi, hakunionea haya. "Uko unanisikia? Hapa watu wameiva na jua. Leta majina mbio, kabla hawajanikula mimi mwenyewe."

Nikasoma la kwanza. Nikasikia likirudiwa kwa kipaza sauti, kisha kelele, kisha sauti yake: "Huyu mama hajapata. Watu wote wanasema ni kweli." Nikabonyeza, mstari ukafutika, kadi yake ikawa huru. Nikasoma la pili.

"Huyu baba anasema hajapata. Ngoja kwanza." Kicheko kikubwa. "Amepata! Bibi yake mwenyewe ndiye amemusaliti. Leta mwingine."

Mkuu wa ofisi alicheka, nami nikacheka. Kisha nikatazama mstari uliofuata, na jina lilikuwa la baba mkwe wangu. Lilikuwa kamili, la ubatizo, la kwake na la baba yake, kwa herufi kubwa kama mashine inavyoyaandika yote. Nilibonyeza kitufe cha redio, nikakiachia.

"Mama Rezo? Umelala?"

"Niko hapa. Chukua namba ya kadi," nikasema, nikaanza kuisoma.

"Apana, mama, apana. Namba nitaifanya nini? Nikiita namba, nani atasimama? Hapa iko watu, haiko masanduku. Leta jina."

Ningeweza kumsogezea mkuu wa ofisi redio na kumwomba asome yeye kwa kuwa mimi siruhusiwi. Mtu wa Masisi hangehitaji maelezo. Angeelewa papo hapo kwa nini siruhusiwi, na papo hapo angejua ni nani yuko kambini. Ndiyo maana sikumsogezea.

"Twende kwa mwingine," nikasema, nikasoma la chini yake.

Nilijiambia kwamba nitalirudia, kwamba pengine mkuu atatoka kidogo kunywa maji. Hakutoka. Majina yaliyobaki yalikwisha upesi kama yanavyokwisha siku ambayo hutaki yaishe.

"Ni yote?" karani akauliza.

"Ni yote."

Nikafunga orodha. Mstari uliobaki ukageuka kijani mbele ya macho yangu, sawasawa na kanuni niliyoitunga.

Haukupita muda redio ikalia tena. "Mama Rezo, kuko muzee mumoja hapa, hajaitwa. Amesimama tangu asubui. Nimeingiza kadi yake, inasema amepata. Yeye anasema hajapata kitu. Watu wanamucheka." Nyuma ya sauti yake niliwasikia: "Aketi! Aketi, muzee ya tumbo mbili!" Kisha karani akalitaja jina, lote, na likajaa ndani ya chumba chetu.

Mkuu wa ofisi aliinama akatazama kioo changu. Alichukua redio kutoka mkononi mwangu kwa upole. "Mashine inaonyesha amepokea," alisema, polepole, kwa kuwa aliiamini mashine na aliniamini mimi. "Mwambie aondoke, asisumbue wengine."

Nilijua maana ya maneno hayo kule Mugunga. Mzee angerudi hemani bila unga mpaka ugawaji mwingine, na katika ugawaji huo angewekwa mwisho wa mstari pamoja na wale waliojaribu kudanganya, mbele ya watu waliowahi kumwona akiwa na ng'ombe kilima kizima.

"Hajapokea," nikasema.

"Lakini mashine..."

"Mashine imeambiwa na mimi. Nilimruka."

"Sababu gani?"

Sikuona kwamba kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza kitufe. "Ni baba ya bwana yangu," nikasema. "Siwezi kutaja jina lake."

Akaachia kitufe. Karani yule, ambaye hakuwahi kukosa utani, aliposema safari hii alisema kwa sauti ndogo. "Mama, imesikika huku. Sasa hivi niliweka redio ku kipaza sauti, nisichoke kurudilia. Watu wote wamesikia."

Mkuu wa ofisi aliweka nenosiri lake, nami nikaweka langu, kwa sababu orodha iliyofungwa haifunguki kwa mtu mmoja. Mstari ukarudi kuwa wa njano. "Mwite," akamwambia karani. Tukasikia jina likiitwa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Muzee ameondoka," karani akasema. "Kadi yake ameiacha hapa ku meza. Watu wamenyamaza sasa, lakini ameondoka."

"Orodha nitaiacha wazi," mkuu wa ofisi akaniambia, akitazama kioo wala si mimi. "Lakini jioni mashine inajifunga yenyewe, unajua. Nenda ukamrudishe." Nilipofika mlangoni akaongeza: "Ungeniambia tu, mama. Ningesoma mimi."

Nilipanda pikipiki mpaka Mugunga. Umati bado ulikuwapo mbele ya dirisha, watu wameketi juu ya magunia yao, na waliponiona na beji yangu shingoni walijua bila kuambiwa. Walinipisha. Mwanamke mmoja mzee alisema, bila kushusha sauti, "Ni ye huyo, mukamwana ya ofisi. Angalia viatu vinangaa. Bakwe wake analala ku mawe." Mwingine akamjibu, "Acha, mama, hata sisi tuko na batoto Goma. Bako wapi?" Walicheka, kicheko cha uchovu. Karani alinipa kadi akaniambia njia.

Kibanda cha mzee kilikuwa cha miti iliyopindwa na turubai, kimesimama juu ya mawe makali, na mbele yake palifagiliwa vizuri. Mwanamke wa kijiji chake alikuwa akikoka moto kando. Nilisimama mbali kama inavyopasa, nikamwambia yeye.

"Mama, mwambie muzee mkamwana wake anaomba arudi dirishani. Orodha iko wazi. Kadi yake hii."

Mwanamke akayarudia maneno yangu, ingawa mzee alikuwa ndani, nyuma ya turubai, na alikuwa ameyasikia.

"Mwambie nimesikia," sauti ilijibu. "Mwambie mimi sikuiba."

"Tunajua muzee hakuiba," nikasema.

"Yeye anajua. Bale watu hawajui. Nilifukuzwa mbele ya watu. Niitwe mbele ya watu, nitarudi."

"Karani atamwita tena," nikamwambia mwanamke.

"Karani aliniita. Alikosa nini, karani?" Akakohoa. "Mwenye aliniruka, yeye ndiye aniite."

Mwanamke hakuyarudia hayo. Aliacha moto akasimama. "Muzee, vile ni mwiko."

"Nyumbani ni mwiko. Pale ku mstari mimi si baba ya mutu. Pale mimi ni kadi. Mwambie nimemuruhusu."

Sikumwona uso. Sikujua kama alisema kwa hasira au kwa huruma, wala hapakuwa na njia ya kumuuliza. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe, kilima na nyumba alikuwa amebakiwa na jambo moja ambalo hakuna mwanajeshi aliyeweza kulichukua, nalo ni kwamba mke wa mwanawe hamtaji. Na alikuwa akilitoa hilo mbele yangu, abadilishe na unga.

Nikarudi dirishani. Karani alifuta kipaza sauti kwa mkono wa shati lake akanipa. Njiani nilikuwa nimeogopa kwamba ulimi utanikauka, kwamba nitalia mbele ya watu, kwamba nitalianza jina nishindwe kulimaliza. Nilikiinua, nikaliita: la ubatizo, la kwake, la baba yake.

Lilitoka kwa urahisi. Lilitoka kama jina la mtu yeyote kwenye orodha.

Alikuwa amepita njia nyingine na kusimama nyuma kabisa ya umati. Alikuja akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Alipita mbele yangu akitazama upande mwingine, nami nikatazama upande mwingine, kila mmoja akilinda kile kilichosalia cha adabu.

"Muzee," karani akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "umepata ao hujapata?"

"Sijapata."

"Watu, ni kweli?"

"Ni kweli!" wakajibu, na waliomzomea mwanzo ndio waliopaza sauti zaidi.

Akaweka kidole. Kwenye kifaa cha karani ikawaka taa ya kijani, na najua kwamba saa hiyo hiyo mjini, mbele ya mkuu wa ofisi, mstari uligeuka vilevile. Gunia liliinuliwa hadi begani mwake na yule mwanamke wa kijiji chake. Mimi sikuweza hata kushika ncha. Akaenda nalo polepole juu ya mawe, bila kugeuka.

Aliishi kambini mpaka njia ya Masisi ilipofunguka. Siku za Jumapili nilikwenda mwenyewe sasa, nikaacha nilichobeba kwa yule mwanamke, nikasalimia nikiwa mbali, nikasalimiwa. Kazini, kila mistari ya njano ilipojipanga, mkuu wa ofisi alitupa jicho kwenye kioo kabla sijaanza kusoma, na akiliona jina lile alinyoosha mkono kuomba redio. Nilimpa kila mara.

Watu wa ukoo wamelihifadhi jambo lile kwa namna yao. Mzee amekwisha kufariki, na wakikutana, arusini au msibani, wanawake wale wale walionifundisha miiko huwasimulia wasichana wanaoolewa jinsi mkamwana mmoja msomi alivyoacha ofisi yake mchana, akapanda pikipiki mpaka Mugunga, akavunja mwiko mbele ya watu wote ili baba mkwe wake asilale njaa. Mume wangu hulisikiliza na kunitazama kwa macho yanayong'aa. Katika masimulizi yao rezo inakatika, mashine inakosea, na hakuna jina lililorukwa. Nimejaribu kuwasahihisha, hunikatiza wakisema ninajishusha.

Nao hawajui lililo baya zaidi, kwa kuwa halikuonekana na mtu. Laiti jina lile lingegoma kutoka, laiti lingenikwama kooni hata kidogo, ningekuwa na haki ya kusema kwamba siku ile nilizuiwa na desturi. Lakini lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa tayari tangu mwanzo. Basi wanapofika mwisho wa hadithi yao na wasichana wakanigeukia, mimi huinamisha kichwa, nao huhesabu hilo pia kuwa adabu.